Mshono wa Miaka Mitatu

9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima. Kikohozi kimeondoka na kuniachia sauti ya fundi bomba tu. Hofu, kama waandikavyo wote, ni kwako. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si umepanda juu ya kigoda kutafuta uzi kwenye rafu ya juu.

Umekataa simu tena. "Simu haishoneki," umeandika, nami nimecheka peke yangu kwenye korido hadi mlinzi akanitazama. Basi tuendelee hivi. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuandikia, na kila mwisho wa mwaka umezishona barua zangu ziwe juzuu moja, jalada la kitambaa, mwaka ukiwa umepigwa chapa mgongoni. Nadhani mimi ndiye binti pekee duniani ambaye malalamiko yake ya mwezi Mei yamehifadhiwa kwa uzi wa katani uliopakwa nta.

Unasema daktari ameyatazama magoti yako, akayatazama macho, akasikiliza ulipomweleza juu ya usahaulifu, kisha akasema ni uzee tu. Nawe ukaniuliza: wewe unayesomea mambo hayo, huo uzee tu ni nini? Kwa nini tunazeeka?

Wengi hujibu kwamba mwili huchakaa kama kiatu. Lakini kiatu hakijishoni chenyewe, na mwili hujishona: ukijikata leo, wiki ijayo ngozi imefunga. Kitu kilichoweza kujijenga kutoka tone moja hadi mtu mzima kinashindwaje na kazi nyepesi zaidi, ya kukitunza tu kilichokwisha kujengwa? Hilo ndilo fumbo lenyewe.

Jibu tunalolifundisha ni hili. Huko porini viumbe wengi hawafiki uzeeni. Huliwa, hufa njaa, hufa kwa baridi. Kasoro inayomuua kiumbe utotoni haipati mrithi, inaondoka naye. Kasoro inayosubiri hadi uzeeni inakuta watoto wamekwisha kuzaliwa na wamekwisha kuirithi. Asili ni kama mkulima anayepalilia vizuri karibu na nyumba, kisha kadiri shamba linavyokwenda mbali jembe lake linazidi kuwa zito. Magugu ya mwisho wa shamba hayaoni jembe kabisa. Hakuna aliyeamua tufe, Mama. Hakuna tu aliyesisitiza tudumu. Nimeiandika sentensi hiyo kwa uhakika unaozidi kidogo ule nilio nao.

Nzi wangu wanaendelea. Nimekwisha kukueleza: ni wale wadogo wa matunda, wanaishi kwenye chupa, na chumba kizima kinanuka hamira na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kwa miaka minne nimechukua mayai ya majike wazee tu. Mayai ya ujanani nayatupa. Sasa niko kizazi cha kumi na saba, na vitukuu wa hao wazee wanaishi karibu theluthi zaidi ya nzi wa kawaida, ingawa wakiwa vijana hutaga kidogo. Siwezi kuwahesabu bila kukumbuka kwamba ulinizaa ukiwa na miaka arobaini na mitatu, watu wakiwa wamekwisha kukukatia tamaa, na kwamba uliwajibu: "Nimepata kifunguamimba na kitindamimba kwa mpigo mmoja."

Tasnifu inakwenda polepole. Ahadi yetu ya jalada iko palepale.

Mimi,
Kifungua na Kitinda wako

*

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na barua imenikuta nimekaa, usinisingizie. Kigoda nimempa jirani. Sasa napanda kiti.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama fundi. Kama mama nimenuna. Yaani nimekusomesha hadi huko, uje uniambie mimi ni magugu ya mwisho wa shamba? Haya, nimekusamehe. Kama fundi nimekuelewa kuliko unavyojielewa.

Unakumbuka karakana yetu chini ya maktaba, dirisha moja tu, tena la juu, tunaona viatu vya wapita njia. Kazi zilikuwa mbili. Vitabu vya shule: matundu matatu mgongoni, uzi unapita, gundi mara moja, lete kingine. Halafu zile daftari kubwa za kuandika waliozaliwa na waliokufa: uzi mara mbili, nta, kanda tano za kitambaa za kushikilia mshono, ngozi mgongoni, siku tatu chini ya jiwe. Nilipokuwa mgeni kazini nilikishona kitabu cha hesabu cha darasa la nne kama daftari kubwa. Kilipendeza! Msimamizi akakigeuza, akanitazama: "Binti, hiki unamshonea nani? Miaka mitatu mtaala unabadilika, na kabla ya hapo kuna mtoto atakidondosha kwenye dimbwi. Huo uzi wako ungetosha vitabu vinne." Siku ile sikumpenda. Lakini hakukosea. Uzi ni uleule na vitabu ni vingi. Si ndilo unaloniambia? Kwamba huyo aliyetushona alitupa mshono wa miaka mitatu, kwa kuwa aliyajua madimbwi?

Ila nina neno. Vitabu vile vya miaka mitatu, vingine vilinirudia baada ya ishirini. Nimevishika kwa mikono hii. Mtu alivifunika kwa gazeti, hakulamba kidole kufunua kurasa, akamrithisha mdogo wake. Nani aliyevishonea miaka ishirini? Hakuna. Na vilikuwepo. Nijibu hilo kwanza, ndipo uweke nukta.

Kisu anakusalimu. Tangu tustaafu anapita kila Ijumaa kuchukua barua aipeleke posta, na bado anatembea kama anayesukuma ile mashine yake ya kukata karatasi. Anasema kama nzi wako wanaishi sana usije nao, waliopo huku wanatosha.

Juzi nimetafuta msharasi wangu wa kutobolea nyumba nzima, nikaukuta ndani ya kopo la sukari. Kisu alicheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka.

Imalize hiyo tasnifu. Na usidiriki kuipeleka kwenye zile mashine za gundi ya moto, kitabu unakifungua mara mbili kurasa zimekukimbia. Nitaijalidi mimi. Mshono wa daftari kubwa, kanda tano. Kitabu changu cha mwisho kiwe chako.

Mama yako

*

30 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku ni salama, na nafurahi kwamba sasa unapanda kiti badala ya kigoda, maana ukianguka angalau utakuwa umeanguka kutoka mahali pa heshima.

Msimamizi wako aliieleza kwa maneno machache nadharia iliyonichukua muhula mzima kuielewa. Ndiyo: mwili una uzi uleule kwa kazi mbili, kujitengeneza na kuzaa. Ukiutumia wote kujitengeneza hauachi mtoto. Ukitumia wote kuzaa haufiki kesho. Basi unajishona kwa kiasi cha safari inayotarajiwa.

Ipo na nadharia nyingine, ndugu ya hii: kwamba kitu kilekile kinachotufaa ujanani hutudhuru baadaye. Unaikumbuka gundi ya kahawia, ile ya kuchemsha? Siku ya kwanza ilishika kuliko zote. Mwaka wa thelathini inakuwa unga, inaila karatasi. Mliitumia mkijua, kwa sababu kitabu kilitakiwa asubuhi.

Kuhusu vitabu vilivyorudi baada ya miaka ishirini, nimekaa na swali lako wiki tatu. Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: nadharia inasema hakuna aliyevishonea, haisemi havitafika. Nililipenda kwa siku mbili. Kisha nikaona kwamba wewe hukuuliza juu ya mshono, uliuliza juu ya yule aliyekifunika kitabu kwa gazeti. Wapo wataalamu wanaodai mwanamke huishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi anayewatunza wajukuu huiendeleza damu yake mwenyewe. Wengine wanabisha, nami hubadili upande kila msimu. Isitoshe sijakupa mjukuu, kwa hiyo naomba ushahidi huo usitumike dhidi yangu.

Barua yako imenirudisha chini ya meza yako, ndani ya boksi la vipande vya karatasi, mahali ambapo nililala kila alasiri hadi nikaanza shule. Nilijua saa kwa sauti: mashine ya Kisu ikinyamaza, ni chai. Ulinifundisha kuchana karatasi ili nijue nyuzi zake zimelala upande gani; upande mmoja huchanika moja kwa moja, mwingine hukaidi. Wewe hukuhitaji kuchana. Uliisugua kati ya vidole, macho yakiwa kwingine, ukasema hii imetoka kiwanda fulani, hii ilipata unyevu ghalani. Bado naijua karatasi moja tu kwa vidole, ile nzito ya daftari kubwa, uliyopewa rimu nzima siku ya kustaafu. Barua zako zote zimeandikwa juu yake. Mtu asiyejua angedhani ni hati za kiwanja.

Msharasi ndani ya kopo la sukari ulinichekesha, Mama, kisha nikaacha kucheka. Kuna mengine?

Mimi,
Kifungua na Kitinda wako

*

11 Juni

Mwanangu,

Sijambo, na wewe hujambo? Barua yako imefika leo. Nimefurahi umepata chumba. Huyo mwenye nyumba anayekukataza jiko usigombane naye, nunua mkate, kula baridi, utazoea. Na hilo dirisha linaloangalia ukuta usilinunie, bandika kitu kwenye kioo, uwe na cha kutazama.

Usiwe unalialia. Una miaka ishirini na mitatu, dunia haijaisha.

Koti lako la kijani umelisahau nyuma ya mlango. Kisu analipeleka posta Ijumaa. Jifunike, huko kuna baridi.

Mama yako

*

25 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Leo sitaandika kwamba hofu ni kwako, maana naona ni mara ya kwanza nina haki ya kuyaandika maneno hayo, na yamenishinda.

Miezi miwili na nusu nilisubiri jibu. Limekuja jibu la barua nyingine. Chumba kile chenye dirisha la kuangalia ukuta nilikihama zamani, Mama. Mwenye nyumba yule amefariki. Ni barua yangu ya mwaka wa kwanza, iko kwenye juzuu ya kwanza, labda ukurasa wa tatu. Nilijaribu kuamini kwamba unanitania. Wewe ni mtani hodari. Kisha kifurushi kikafika, na ndani yake mlikuwa na koti la kijani, limepigwa pasi.

Halifungi tena kifuani. Nimelivaa siku nzima maabara, vifungo wazi.

Nataka kuja. Kinachonishikilia ni hiki: profesa wangu hajaridhika na hesabu ya kundi moja. Anataka nianze kundi la pili la ukoo wa wazee, nzi mia nne, niwahesabu kila siku hadi wa mwisho afe. Wataanguliwa mwishoni mwa Julai, na kwa kuwa ndio wale wanaoishi sana, wa mwisho hatakufa kabla ya Desemba. Natafiti jinsi uzee unavyoweza kucheleweshwa, na kwa ajili hiyo nachelewa kwako. Sijui kama kuna anayeweza kuliandika hilo bila aibu.

Niambie nifanye nini. Ukiwa na asubuhi njema, niambie.

Binti yako

*

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Leo ni asubuhi njema, kwa hiyo naandika upesi kabla haijageuka.

Kisu amenisomea barua yako kwa sauti, kisha akaenda kusimama uani. Basi nikajua si utani.

Ni hivi. Nazipenda juzuu zako, nazisoma. Zamani nilikuwa nasoma kama mtu anayetazama picha. Siku hizi kuna asubuhi naamka na barua zote zimefika leo. Uko kwenye chumba cha baridi, na umeanza kazi ya nzi, na umevunja uchumba na yule mrefu, vyote leo, na vyote vinataka jibu leo. Nachoka, mama. Siwezi kuwatunza mabinti kumi na mmoja kwa wakati mmoja.

Unaniuliza ufanye nini. Wewe ulisema shamba linapokwenda mbali jembe linakuwa zito. Mimi niko huko mwisho wa shamba, na nakwambia huku magugu hayaoti sawasawa. Majina yamekwenda. Siku zinakwenda. Mikono bado haijaambiwa. Jana nimeshona daftari la Kisu bila kutazama, kanda tano, fundo safi. Ila sijui ni hadi lini.

Kwa hiyo usije mikono mitupu kunitazama usoni ukilia. Nilete karatasi. Nataka kukijalidi kitabu chako wakati bado najua kwamba ni chako.

Hao nzi fanya unavyoona. Mimi sijasoma.

Mama yako

Nimeisoma tena. Nimeandika "sijasoma." Nimesoma kila kitabu nilichokishona, usimwambie msimamizi.

*

3 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nimelala vizuri.

Jana nimesimamisha hesabu. Kati ya nzi mia nne wa kundi la pili, themanini na tisa walikuwa wamekufa. Mia tatu na kumi na mmoja walikuwa hai. Profesa aliniuliza kama nimefikiri vya kutosha, nikamjibu kwamba hapana, na kwamba nikifikiri vya kutosha nitachelewa. Labda ningepata wa kunihesabia. Nakiri kwamba sikutafuta sana. Nilikwisha kuona nilivyokuwa nikiwageuza nzi wale kuwa udhuru.

Kuna jambo katika fani yetu ambalo sikuwahi kulitilia maanani hadi jana. Ukiacha kuhesabu viumbe wakiwa hai, huruhusiwi kuwaandika kama waliokufa siku hiyo, wala huruhusiwi kuwafuta kana kwamba hawakuwepo. Unaweka alama ndogo mbele ya kila mmoja, na chini ya jedwali unaeleza maana yake: *alikuwa hai alipoonekana mara ya mwisho.* Mahesabu yanalipokea hilo. Yule uliyemwacha hai bado anaongeza kitu kwenye jibu, kwa kila siku uliyomwona. Nimeweka alama mia tatu na kumi na moja kwa mkono. Tasnifu yangu sasa ina mwisho uliokatika, na sina hakika watahini watasema nini. Sina hakika pia kama sijaigeuza kanuni ya hesabu iwe faraja yangu. Inawezekana.

Nakuja. Nitakuwa na boksi moja la karatasi, kurasa mia mbili na arobaini, hazijatobolewa popote. Nimechagua karatasi ambayo nyuzi zake zimelala wima sambamba na mgongo. Nilichana tatu dukani hadi muuzaji akanifukuza. Nitafika kabla ya tarehe ishirini. Kama siku hiyo itakuwa ya asubuhi njema, tutafurahi. Kama siyo, nifungulie tu.

Binti yako

*

20 Januari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, magoti tu. Umekaa kimya muda mrefu, nikasema nikuandikie mimi, maana mkubwa ndiye anayejishusha.

Hapa nyumbani kuna mwanamke. Alikuja kipindi cha mvua, na boksi, akasimama mlangoni analia, nikamwambia ingia basi, unalowa. Hakuondoka tena. Si mtu mbaya. Anapika, anafua, ananishika mkono kwenye ngazi hata nisipotaka. Ila sukari anaweka kama anamwekea mgonjwa. Na kitabu anakifungua vibaya, anakikunja mgongo hadi kinalia, kama ulivyokuwa ukifanya wewe nikakuchapa kidole. Ana koti la kijani kama lako, limembana.

Zile karatasi za kwenye boksi alinipa nizijalidi. Nilizishona. Nilizichanganya na za kwako, zile juzuu zako nilizifumua zote, nikaona zinakaa pamoja. Kanda tano. Yeye alikifungua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Nikamuuliza, "Nimekosea?" Akasema hapana. Nadhani nimekosea mahali, lakini yeye ni mpole, hasemi.

Kisu miguu imemgomea, kwa hiyo barua hii nampa huyu mama akuwekee posta. Anwani anaijua, nilishangaa.

Wewe unakuja lini? Ulisema utaniletea kitabu chako nikijalidi. Mikono bado iko. Usikawie.

Mama yako

*

22 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama. Mimi ni mzima, na hofu niliyokuwa nayo kwako imepungua tangu niliposikia kwamba huishi peke yako.

Mwanamke huyo namfahamu. Mwache akushike mkono kwenye ngazi. Ni mwoga, na akikushika nadhani yeye ndiye anayepata nguvu. Hilo la sukari nitamwambia. Hilo la kukunja migongo ya vitabu ni la tangu utoto, sidhani kama litapona.

Unaniuliza nitakuja lini. Nimekaa mbele ya swali hilo jioni nzima, wino ukikauka. Sitakuambia niko wapi, kwa sababu sijui jibu lipi lingekufaa, la kweli au la upole, wala sina hakika kwamba ni majibu mawili.

Badala yake nikuambie juu ya kitabu, kwa kuwa nimekiona. Kimeshonwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Ukitaka kujua kama kuna kosa: ndiyo, kurasa hazimo kwa mpangilio. Baada ya sura ya kwanza, ile ya magugu ya mwisho wa shamba, inafuata barua yangu ya mwaka wa nne kuhusu viatu vilivyovuja. Katikati ya jedwali la vifo vya nzi kuna salamu za sikukuu. Ile orodha ya mia tatu na kumi na mmoja waliokuwa hai imelala uso kwa uso na barua niliyokuandikia siku nilipovunja uchumba. Watahini wamepewa nakala nyingine. Wamenihoji vikali juu ya mwisho uliokatika, kisha wakaipitisha. Hii yako hawataiona.

Mwanzoni niliisoma kama mtu anayetafuta ukurasa uliopotea. Sasa naisoma ilivyo. Kila nadharia ninayoieleza humo kwa uhakika inakatizwa na msichana anayelalamikia baridi, na msichana huyo anakatizwa na nadharia, na sijui ni yupi anayemsahihisha mwenzake. Nimeandika kurasa mia mbili na arobaini kueleza kwa nini hakuna aliyetushonea miaka hii ya mwisho. Bado naamini ni kweli. Ila swali lako la yule aliyekifunika kitabu kwa gazeti halimo humo, nimelitafuta, na nadhani ndilo lililostahili sura.

Karatasi ya mwisho kabisa, kabla ya jalada, ni barua yangu ya kwanza. Hukuikusudia, au uliikusudia, sitauliza. Ina mstari mmoja tu, niliandika nimesimama kituoni: "Mama, nimefika salama."

Mimi,
Kifungua na Kitinda wako

*

Siku hiyohiyo

Wewe,

Barua yako imefika upesi mno. Haina stempu. Nimeikuta chini ya mlango wa chumba changu, na mimi sijawahi kuona posta inayopita chini ya mlango.

Nimeisugua. Hii ni karatasi yangu, ya daftari kubwa, ya rimu niliyopewa siku ya kustaafu, na ukingo wa kushoto una ile mikwaruzo ya kisu cha Kisu kilipokuwa butu. Hakuna mwingine mwenye karatasi hii duniani. Umeitoa kwenye droo ya meza yangu, bila kuomba, kama kawaida yako.

Kesho huenda nikakuuliza tena wewe ni nani. Usinune. Nipe karatasi niishike.

Sasa acha kuandikia huko sebuleni. Njoo huku uniambie kwa mdomo, haya hatutayashona.

Mama yako